Wimbo Wetu Kinywani mwa Jirani

Ninyi mnaokamua ng'ombe saa hii, ninyi mlio njiani kwenda kuchuma chai, ninyi mnaonisikiliza mkiwa kitandani kwa ugonjwa, karibuni tukae pamoja kwa dakika chache. Aliye na Biblia karibu na aifungue katika Zaburi ya 137. Ni zaburi fupi, ina mistari tisa tu. Lakini naomba usiisome haraka haraka, na tafadhali usiishie katikati, maana wengi huishia katikati.

Juma moja lililopita nilipanda matatu pale Molo nikielekea Keringet. Mvua ilikuwa imenyesha, magunia ya viazi yamefungwa juu ya gari, nasi ndani tumebanana kama kuni katika mzigo. Dereva akafungua redio, zikatoka sauti za wanawake wakiimba, na chini yake ngoma za disko. Ulikuwa ule wimbo wa Boney M. uitwao "Rivers of Babylon". Makanga alikuwa akicheza pale mlangoni. Karibu nami aliketi mama mzee mwenye kitambaa kichwani, akaanza kutikisa kichwa polepole, kisha akamwambia yule kijana, "Mwanangu, ongeza sauti kidogo. Hiyo ni Zaburi."

Kijana akacheka. "Shosho, hii si ya kanisa. Hii ni disko ya zamani."

Mama akamjibu, "Ya zamani kweli. Ni ya zamani kuliko disko." Gari zima likacheka, na sauti ikaongezwa.

Mama yule alisema kweli, na safari ya wimbo ule yastahili kusimuliwa. Wayahudi walichukuliwa mateka kwenda Babeli yapata miaka 600 kabla ya kuzaliwa kwa Bwana wetu. Kule waliketi kando ya mito, wakatundika vinubi vyao mitini, maana waliowateka waliwataka wawaimbie nyimbo za kwao, kama mtu anavyomtaka mfungwa amchekeshe. Nao wakauliza, wimbo wa Bwana utaimbwaje ugenini? Swali hilo ndilo zaburi yenyewe. Zikapita karne nyingi. Mwaka 1970, katika kisiwa cha Jamaika, Brent Dowe na Trevor McNaughton wa kikundi cha The Melodians wakaitia zaburi hiyo katika muziki wa rege. Walikuwa watu wa imani ya Rastafari, ambao humtukuza Haile Selassie, aliyekuwa mfalme wa Uhabeshi, kwa namna ambayo sisi Wakristo hatuwezi kuikubali. Lakini waliposoma habari za mateka wa Babeli walijiona wenyewe mle ndani, wajukuu wa Waafrika waliovushwa bahari kwa minyororo. Nani atawaambia kwamba walisoma vibaya?

Mwaka 1978 wimbo ukafika Ujerumani. Huko Frank Farian alikuwa amekusanya waimbaji wenye asili ya visiwa vya Karibi, akawaita Boney M. Penye jina la mfalme walilotia Marasta, wakalirudisha jina la Bwana, wakaongeza ngoma za disko, na mwaka huohuo wimbo ukashika nafasi ya kwanza Uingereza. Halafu ukaja kwetu Afrika Mashariki, ukaingia katika mabaa, katika arusi na katika matatu, na mpaka leo haujatoka.

Tena kuna jambo ambalo labda hujaligundua. Ndani ya wimbo ule yamo maneno ya mwisho ya Zaburi ya 19, ile sala ya kuomba kwamba yale tunayoyasema kwa kinywa na kuyawaza moyoni yampendeze Mungu. Sisi wahubiri wa Kianglikana tumezoea kuisema tukiwa mimbarani kabla ya kuanza mahubiri. Basi hebu fikiri: vijana wa disko wa mwaka 1978, ambao wengine hawakukanyaga kanisa tangu siku ya ubatizo, walikuwa wakiomba sala ya mhubiri, tena kwa nguvu kuliko mhubiri mwenyewe.

Najua wengine hamkupendezwa na habari hii. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu sana, aliwahi kuniambia, "Pasta, wimbo wa Mungu ukipigwa kama wa baa, Mungu atautambuaje?" Ni swali zuri, wala si la kudharauliwa. Mzee huyo aliacha pombe ujanani mwake kwa shida kubwa, na kwake gitaa la umeme bado lina harufu ya chupa. Mtu wa namna hiyo hatumwambii kwamba amepitwa na wakati.

Lakini nilimsimulia jambo nililojifunza katika chuo cha theolojia. Mwalimu alitusikilizisha muziki wa Johann Sebastian Bach, ule wa mateso ya Yesu kwa Injili ya Mathayo, ulioimbwa mara ya kwanza mwaka 1727. Ndani yake kuna tuni moja inayorudi mara kwa mara, tuni ya wimbo wa Ijumaa Kuu unaosimulia kichwa cha Mwokozi kilichojaa majeraha. Tulifumba macho kwa uchaji. Ulipokwisha, mwalimu akatuambia kwamba tuni ile ilitungwa na Hans Leo Hassler, na mwaka 1601 ilitolewa kwa ajili ya wimbo wa kijana aliyechanganyikiwa akili kwa kumpenda msichana. Tukafumbua macho! Tuni ya mapenzi imeingia chini ya msalaba na kukaa hapo zaidi ya miaka 300, na leo hakuna mzee wa kanisa anayeifukuza.

Wala hatuna haja ya kwenda Ujerumani. Wimbo wetu wa taifa, ambao ni maombi tangu neno lake la kwanza, una tuni iliyotokana na wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana wa kumbembelezea mtoto. Katika kamati iliyoutengeneza mwaka 1963 alikuwamo Graham Hyslop, alikuwamo George Senoga-Zake, na alikuwamo mchungaji wa kanisa letu la Anglikana, Thomas Kalume. Kila siku ya Jamhuri bendi za jeshi huupiga kwa tarumbeta, majenerali wakasimama wima na kupiga saluti. Nami nikiwaona, husema moyoni, yuko wapi yule mama wa Kipokomo aliyeuimba kwanza, mtoto akilia mgongoni? Hakudhani kwamba majenerali watasimama wima kwa ajili yake.

Na mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, aliyekuwa akisoma uchungaji katika chuo cha Kilutheri cha Makumira karibu na Arusha, aliandika wimbo wa Pasaka kwa Kiswahili juu ya tuni ya kwao Buhaya. Leo wimbo huo uko katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani, namba 116. Wamisionari wa Kijerumani waliwaletea Wahaya nyimbo zao, na sasa kule kwao watu siku ya Pasaka wanaimba tuni ya ziwani Bukoba, theluji ikiyeyuka nje. Mungu ana ucheshi wake.

Sitaki kusema kwamba kila kitu ni chema. Hapa kwetu Nakuru, usiku wa Jumamosi, utasikia mugithi katika baa, mtu mmoja na gitaa lake, na watu wamepangana nyuma ya mwenzao kama mabehewa ya garimoshi, maana hiyo ndiyo maana ya neno lenyewe. Na mara, katikati ya nyimbo za anasa, mpigaji huingiza wimbo wa kitabu chetu, ubeti baada ya ubeti, na baa nzima inaujua. Wakati mwingine maneno hupotoshwa mpaka yakawa machafu, na hilo nalihesabu kuwa dhambi. Lakini mlinzi mmoja wa baa aliniambia kwamba ameona watu wakilia wimbo huo unapopigwa vile ulivyo. Mtu aliyetoroka wimbo miaka kumi, ukamkuta ameketi na chupa mkononi, atakwenda wapi tena?

Hata hivyo, wapenzi wasikilizaji, kuusikia wimbo wetu Jamaika au Ujerumani, au hata baa, hiyo ni kazi nyepesi. Hutufurahisha au hutuudhi kidogo, kisha tunaendelea na safari. Ugumu uko karibu zaidi.

Sisi wa Kuresoi tuna historia ya kutosha juu ya jambo hili. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliweka familia za Wakikuyu pale Olenguruone, kisha ikawawekea masharti ambayo hawakuyakubali. Wakala kiapo cha umoja, na kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengi wakapelekwa Yatta, mahali pa ukame. Ilipofika vita vya Mau Mau, nyimbo za kudai ardhi ziliimbwa kwa tuni za vitabu vya kanisa. L. S. B. Leakey, mtoto wa mmisionari wa Kianglikana wa Kabete, aliandika jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1954: Mzungu aliyepita nje alidhani watu wako katika ibada. Na katika miaka hiyohiyo walikuwako ndugu wa Uamsho waliokataa kiapo kwa sababu walisema wamekwisha kuinywa damu ya Yesu, na wengine wao waliuawa. Hao nao walikuwa na wimbo wao, "Tukutendereza", wa Kiganda, uliokuja na ule Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukafika Kabete mwaka 1937. Basi usiku mmoja, katika bonde moja, ungeweza kusikia nyimbo za kanisa kutoka nyumba mbili, na walio katika nyumba hizo wanaogopana. Sikusudii kuhukumu leo nani alikuwa na haki gani. Nataka tu mjue kwamba si jambo geni kwetu wimbo mmoja kukaa katika vinywa viwili visivyosalimiana.

Kisha tukapata miaka yetu wenyewe. Mwaka 1992. Mwaka 1997 na 1998. Na mwisho wa mwaka 2007, ambapo hapa Kuresoi nyumba zilianza kuungua hata kabla ya siku ya kura. Mnaojua, mnajua. Sitawarudisha huko asubuhi hii zaidi ya inavyonipasa.

Kuna mama mmoja aliyeniruhusu niseme habari zake, mradi nisimtaje jina wala kabila. Ninyi mnaokisia sasa hivi, acheni, mtakosea. Mwezi wa Januari mwaka 2008 nyumba yake ilichomwa, na mumewe aliyekwenda kutafuta ng'ombe hakurudi. Akakaa katika hema miezi mingi. Aliporudi shambani alimkuta jirani yake wa ng'ambo ya kijito yuko palepale, nyumba yake nzima, mabati yake hayana hata tundu. Mama huyo aliamini, na huenda bado anaamini, kwamba watu wa nyumba ile walijua siku na saa. Hakuwa tena na neno nao.

Jioni moja alikuwa akimenya viazi nje, akasikia wimbo. Ulikuwa ule wa Joseph Scriven, juu ya Yesu aliye rafiki wa kumpelekea huzuni zetu zote. Scriven alikuwa mtu wa Ireland aliyehamia Kanada. Mchumba wake alikufa maji siku moja kabla ya arusi yao, na mwaka 1855 akaandika maneno yale ili kumfariji mama yake aliyekuwa mgonjwa mbali. Tuni yake ilitungwa na Charles Converse, Mmarekani, mwaka 1868. Ni wimbo uliotembea sana. Katika Vita Kuu ya kwanza askari wa Kiingereza waliuimba katika mahandaki kwa maneno yao ya mzaha, ya kuichoka vita, na huko Japani huimbwa siku ya arusi.

Basi mama yule alikuwa ameimba katika kwaya tangu usichana wake, sauti ya pili. Wimbo ulipomfikia, kinywa chake kilifunguka chenyewe kikashika sauti ya pili. Akaimba mstari mmoja, akaimba wa pili. Ndipo akatambua kwamba maneno anayoyasikia si ya lugha yake, na kwamba sauti inatoka jikoni kwa yule jirani. Akaacha viazi palepale, akaingia ndani, akafunga mlango.

Alikuja kunieleza haya baada ya muda, kwa hasira. "Pasta," aliniambia, "walichukua ng'ombe, nikanyamaza. Walichukua mabati, nikanyamaza. Lakini wimbo ule! Wimbo ule ni wangu. Tuliuimba siku ya kumzika mama yangu. Wameupata wapi?"

Siku hiyo sikumhubiria habari ya kusamehe. Alikuwa amekwisha kuhubiriwa na wengi, wengine wakiwa wametoka Nairobi kwa gari na kurudi kabla ya chakula cha jioni. Nilifungua Zaburi ya 137 nikamsomea mpaka mstari wa mwisho. Nawe msikilizaji, kama hukuishia katikati, umekwisha kuuona mwisho huo. Boney M. hawauimbi. Makanisani mwetu nasi tunaupita kimya. Yule mtu wa kinubi, yule mpole aliyeketi kando ya mto akilia, anageuka na kuwatakia watoto wachanga wa adui yake kifo ambacho sitakitaja redioni wakati huu ambapo watoto wetu wanakunywa uji.

Mama akaniuliza, "Hii imo katika Biblia?"

Nikamwambia, "Imo, mama."

Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena.

Tukaanza kuzungumza. Mtu yule wa Babeli aliyatamka maneno hayo kwa nani? Hakwenda kuyanong'oneza kwa vijana wenye mishale. Aliyasema mbele za Mungu, katika wimbo, yote, bila kuyaosha kwanza. Uchungu wake aliuweka mahali ambapo usingeweza kumchoma mtoto wa mtu. Nilimwambia mama kwamba nami sijui njia nyingine ya mtu kuanza, ikiwa moyo wake umejaa kama wa mtu yule. Asiimbe nusu ya zaburi mbele za Mungu na kuificha nusu nyingine kitandani.

Akaniuliza tena, "Na yule wa ng'ambo anapoimba wimbo wangu, anamwimbia Mungu huyuhuyu?"

Nikasema, "Huyuhuyu."

"Na Mungu anatusikia sote wawili, jioni moja?"

"Anawasikia."

Akanyamaza kitambo kirefu, kisha akasema, "Basi Mungu ana kazi."

Katika miaka yangu yote ya kusoma theolojia sikusikia maelezo ya Zaburi ya 137 yaliyonikaa moyoni kama hayo. Mateka waliuliza wimbo wa Bwana utaimbwaje ugenini. Mama huyu alikuwa nyumbani, katika shamba lake mwenyewe, na ugeni ulikuwa upana wa kijito ambacho mtoto hukiruka. Na aliyeuimba wimbo hakuwa mgeni wa Babeli. Alikuwa jirani ambaye naye, yawezekana, alikuwa na sababu zake za kulia jikoni jioni ile. Hakuna aliyemwuliza. Wimbo wa Scriven hauimbwi sana na watu wenye furaha.

Msiniulize kama wamepatana. Mpaka leo hawajaketi pamoja kunywa chai, nami sitawadanganya redioni. Ninaloweza kusema ni hili. Mwaka jana alifariki mzee mmoja ambaye wote wawili walimpenda, maana aliwahi kuwaficha watu wa kila upande. Kaburini wimbo ulipoanzishwa, kila mtu aliuimba kwa lugha aliyofundishwa na mama yake, kama ilivyo desturi yetu huku, na maneno yakagongana vibaya, lugha moja ikimaliza mstari kabla ya nyingine. Mjumbe mmoja wa kwaya kutoka mjini alikunja uso. Lakini tuni ilikuwa moja. Nami nikiwa nimesimama na udongo mkononi, nilimsikia yule mwanamke wa ng'ambo akishika sauti ya kwanza, na upande wa pili wa kaburi, nyuma ya watu, sauti ya pili niliyoifahamu. Haikukoma mpaka ubeti wa mwisho. Baada ya maziko kila mmoja alishika njia yake, na kijito kikiwa kati yao.

Muda wangu umekwisha. Akina mama wa kwaya wako tayari kutuimbia wimbo huo. Ubeti wa kwanza wataimba kwa lugha ya Wakipsigis, wa pili kwa lugha ya Wakikuyu, na wa tatu kwa lugha ya Wakisii. Kwa kinanda tumeambiwa hakuna umeme, kwa hiyo kijana wetu mmoja atawapigia gitaa, nami nimekwisha kumwomba radhi yule mzee wa kanisa. Mkiwa jikoni, mkiwa shambani, mkiwa garini, imbeni pamoja nao kwa lugha mliyo nayo. Tuni mnaijua.